Insulini ya muda mrefu na tumbo linalogoma: mwongozo kamili kwa mwenye kisukari Dar

Daftari langu la sukari lina ukurasa mmoja ambao namwonyesha kila anayeanza sindano. Ni usiku wa harusi ya mtoto wa dada yangu, Temeke. Saa mbili usiku, kabla ya kula: 8.2 (mmol/L, kama namba zote za sukari humu). Nikajichoma Actrapid, insulini ya muda mfupi, yuniti nane, nikala pilau na nyama mpaka nikasogeza sahani. Saa tatu na nusu wenzangu wako uwanjani wanacheza, mimi jasho linanitiririka na maandishi ya simu yanaruka: 3.1. Nikanywa soda nzima. Saa tisa usiku nimeamka na kiu, tumbo limewambwa kama ngoma: 17.4.

Sukari ilishuka nikiwa nimeshiba, ikapanda nikiwa nimelala. Ndugu zangu walisema ni jicho la watu. Kumbe ile pilau ilikuwa bado imekaa tumboni, haijaenda popote. Insulini ilifika kazini, chakula hakikufika. Kilipokuja kushuka kwenye utumbo, usiku wa manane, insulini ilikuwa imeshamaliza zamu yake.

Kisukari kikikaa miaka mingi huweza kuharibu mshipa wa fahamu unaoliamuru tumbo lijikaze na kusukuma chakula. Tumbo linakuwa zito: unashiba kwa matonge matatu, unacheua chakula cha jana, unatapika mchicha ambao unautambua bado ni mchicha. Wengine matatizo yao yako chini zaidi, choo kigumu wiki nzima au kuharisha kunakoamsha usiku. Humu nimeandika namna ya kuishi na hali hiyo huku unatumia insulini ya muda mrefu. Dozi nitakazotaja ni za kuelewesha tu. Yako anaipanga anayekutibu.

Hatua ya kwanza: ijue chupa yako

Toa insulini yako kwenye friji uiangalie. Wengi wetu tunasema tu "nachoma insulini", na hapo ndipo tunapopotea.

Ya muda mrefu hasa ni kama glargine (Lantus na wenzake) au degludec (Tresiba). Ni angavu kama maji, haina ukungu. Glargine ni ya asidi kidogo. Ikiingia chini ya ngozi inaganda kuwa chembe ndogo, kisha inayeyuka polepole kwa muda wa karibu saa 24, bila kilele kikali. Kwa sababu hiyo haichanganywi na insulini nyingine kwenye bomba moja. Degludec inakwenda zaidi ya saa 40, ndiyo maana ukichelewa kidogo haigombi.

Insulatard ni ya rangi ya maziwa. Watu huiita ya muda mrefu lakini ni ya kati: ina kilele, mahali fulani kati ya saa 4 na saa 12 tangu uchome, na nguvu yake huisha kabla ya siku kuisha. Unaizungusha taratibu viganjani mpaka ichanganyike, huitikisi kama dawa ya kikohozi.

Halafu kuna Mixtard, ambayo nusu ya kliniki unakuta wanaitumia. Ile 30/70 ina asilimia 30 ya insulini fupi na 70 ya kati ndani ya chupa moja. Kwa tumbo linalogoma, hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu huwezi kuchoma ile ya usiku ukaiacha ile ya chakula. Ukichoma umechoma zote. Kama unatumia Mixtard na unatapika mara kwa mara, hilo pekee ni sababu ya kumwomba daktari akufikirie mpango mwingine. Usiogope kuuliza.

Sasa jambo lililonichukua miaka kulielewa. Siku moja nilimwambia nesi wa kliniki, "Sista, kama sijala, hii ndefu naichoma ya nini?" Akacheka. "Mama, ini lako halijui kama leo hujawasha jiko." Ini hutoa sukari usiku na mchana, uwe umekula au umefunga. Insulini ya muda mrefu imewekwa kulizuia ini lisimwage sukari kupita kiasi. Ya chakula ni ile fupi. Kwa hiyo tumbo likigoma, wa kujadiliana naye kwanza ni ile fupi. Ile ndefu haigusi sahani yako.

Chagua saa moja ya kuchoma na uishike. Mimi naichoma baada ya swala ya isha, kwa sababu adhana hainisahaulishi. Jirani yangu anaichoma asubuhi akishapiga mswaki. Ukisahau na muda uliopita ni mfupi, choma ukikumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, iache, usirudishe deni kwa kuchoma mara mbili.

Hatua ya pili: daftari liwe na safu ya tumbo

Daftari la kawaida lina sukari, dozi na chakula. Ongeza safu ya nne. Andika kwa maneno yako: "nimeshiba haraka", "kichefuchefu", "nimecheua", "sijapata choo siku ya nne", "nimeharisha mara tatu usiku". Weka na saa.

Wiki mbili zinatosha kuonyesha mchoro. Yangu ilionyesha kwamba sukari hushuka ndani ya saa mbili baada ya chakula cha mafuta na hupanda baada ya saa tano au sita. Daktari alipoiona hakuhitaji maelezo mengi. Kabla ya hapo alikuwa ananiongezea dozi kila nikija, kwa sababu nilikuwa namletea sukari za asubuhi tu, na zote zilikuwa juu.

Hatua ya tatu: kupima usiku, mara mbili

Hapa ndipo wengi wanaumizwa na ile ndefu. Asubuhi sukari ni 13, mtu anaongezewa yuniti mbili, wiki ijayo mbili tena. Lakini kama ile 13 imetokana na ugali wa jana uliochelewa kushuka, insulini ndefu inalipishwa kosa ambalo si lake. Siku utakayolala bila kula vizuri, dozi ile iliyopanda itakushusha usingizini.

Fanya hivi, siku ambayo huumwi. Kula chakula chepesi mapema, saa kumi na mbili jioni, kisha usile tena. Pima saa nne usiku kabla ya kulala, weka alamu upime saa tisa usiku, na upime tena saa kumi na mbili asubuhi. Usiku mwingine kula kama unavyokula siku zote, wali maharage wa saa tatu usiku, na upime saa zilezile. Stripu ni hela, najua. Lakini hizi ni sita tu, tena zinaokoa nyingi.

Usiku wa chakula cha mapema, sukari ikitulia, yaani ikitofautiana kwa chini ya 2 hivi toka kulala hadi asubuhi, dozi yako ndefu iko karibu na sawa. Ikiporomoka, mfano kutoka 8 hadi 4, dozi ni kubwa na daktari ajue wiki hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki. Ikitulia hadi saa tisa halafu ikapanda alfajiri, hiyo ni homoni za mwili zinazoamka kabla yako. Na kama usiku wa wali wa saa tatu sukari imepanda tayari saa tisa, ilhali usiku wa mapema haikupanda, umeshamkamata mwizi: ni chakula cha jioni. Hapo panabadilishwa saa na aina ya chakula kabla ya kugusa sindano.

Hatua ya nne: usiisingizie sukari kila kitu

Kabla hujakubali kwamba tumbo lako limeharibiwa na kisukari, pitia mfuko wako wa dawa.

Metformin, kidonge cha kisukari, ni ya kwanza kushukiwa. Inajulikana kwa kuharisha, gesi na kichefuchefu. Imezwe katikati ya chakula, dozi ipandishwe polepole, na ipo ya kuyeyuka taratibu ambayo wengi huvumilia vizuri zaidi. Ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, na omeprazole (ya asidi ya tumbo) ya kila siku huongezea upungufu huo. Ganzi ya miguu basi inaweza kuwa na sababu mbili. Omba upimwe.

Amitriptyline, ambayo wengi tumepewa kwa ajili ya ganzi na moto wa nyayo, hufunga choo na kulizubaisha tumbo. Tramadol na dawa zenye codeine nazo vilevile. Na Buscopan, ile inayonunuliwa duka la dawa kila tumbo likisokota, hulegeza misuli ya tumbo; kwa mtu ambaye tumbo tayari limelala, ni kumwimbia bembea. Kama unachoma ile sindano ya kupunguza uzito na sukari ya kundi la semaglutide, fahamu kwamba kuchelewesha tumbo ni sehemu ya kazi yake.

Kuna mazoea yetu mengine: tumbo likiharisha, mtu anapita duka la dawa ananunua ciprofloxacin na metronidazole bila kupimwa. Ciprofloxacin inaweza kuishusha sukari, hasa kwa anayemeza glibenclamide (kidonge cha kisukari) au anayechoma insulini. Mwarobaini, mlonge na mdalasini wa kuchemsha navyo, ukivitumia, mwambie daktari. Sisemi ni sumu. Nasema asipojua atapanga dozi gizani.

Maumivu yanayochoma chembe ya moyo yanaweza kuwa vidonda, na bakteria wa vidonda wana kipimo na wana tiba. Daktari akitaka uingizwe kamera tumboni, nenda, maana hawezi kusema tumbo ni zito kabla hajahakikisha hakuna kitu kilichoziba njia. Na mwenye kisukari akipata "kiungulia" kipya chenye jasho na kukosa pumzi, asimeze magnesia akalala. Moyo wetu mara nyingi hulalamika kwa sauti ya tumbo.

Hatua ya tano: sahani

Ushauri wa kawaida wa kisukari ni mboga nyingi, dona, maharage, maganda. Kwa tumbo zito ushauri huu unageuka. Nyuzinyuzi nyingi na mafuta ndivyo vinavyokaa muda mrefu tumboni. Kachumbari mbichi, nyanya chungu, muhogo wenye kamba, mishkaki ya nyama ngumu, chipsi, sambusa: vyote hivi vinapanga chumba.

Vinavyoshuka vizuri ni laini na vya majimaji. Mimi nimetulia kwa ndizi bokoboko zisizo na nazi nzito, samaki wa kuchemsha, wali mlaini kiasi kama wa mtoto, mchicha uliopikwa ukalegea, viazi vya kuponda, uji mwepesi, mtori usio na mafuta yanayoelea. Kula kidogo mara tano au sita badala ya mara tatu kwa wingi. Tafuna kama huna pa kwenda. Ukimaliza tembea hata kuzunguka nyumba mara mbili tatu, na usijilaze kabla saa moja au mbili hazijapita.

Harusini? Nakula nyumbani kwanza, kule naonja pilau vijiko vitatu. Wakisema naringa, basi naringa.

Kama unachoma insulini fupi, mwulize daktari kuhusu kuichoma baada ya kula badala ya kabla. Kwa wengi wenye tumbo zito ndivyo inavyopangwa, ili ukishindwa kumaliza sahani uchome kwa kile kilichoingia. Na jitahidi sukari isikae juu: sukari ikiwa juu sana, yenyewe hulichelewesha tumbo. Ni mduara, na pa kuukatia ni hapo.

Mwenye choo kigumu asiye na tumbo zito anafuata njia nyingine: maji, papai, mboga, kutembea. Anayeharisha usiku bila homa kwa wiki kadhaa asijitibu. Ana vipimo vyake.

Hatua ya sita: siku ya kutapika na kuharisha

Siku hii ndiyo inayowapeleka watu wodini, na kosa ni lilelile kila mwaka: "Sijala, kwa hiyo sikuchoma."

Mwenye aina ya kwanza haachi insulini ndefu hata siku moja, hata kama hajaweka kitu kinywani. Ugonjwa wenyewe unaipandisha sukari, na bila insulini mwili huanza kuyeyusha mafuta na kutengeneza asidi inayoitwa ketoni. Dalili za ketoni ni zipi? Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo. Soma tena sentensi hiyo. Mtu anadhani ni tumbo ndilo limemfanya asichome, kumbe kutochoma ndiko kunakomtapisha. Nimemwona binti wa jirani akinyweshwa maji ya tangawizi siku mbili kwa "vidonda vya tumbo", anahema kama aliyetoka kukimbia, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alipona, lakini alilala wodini siku tano.

Mwenye aina ya pili naye anaendelea na ile ndefu. Ila kama sukari iko chini na hakuna kinachokaa tumboni, apige simu kliniki kabla ya kuchoma. Mara nyingi dozi hupunguzwa kwa sehemu ya kumi hadi ya tano, haifutwi. Insulini fupi haichomwi kwa chakula kisicholiwa. Na Mixtard, nimeshasema, usikisie peke yako.

Pima kila baada ya saa nne, usiku pia. Kunywa kidogo kidogo, vijiko ukilazimika, ulenge glasi moja kila saa. ORS, ile ya pakiti ya kuharisha, usiiogope kwa sababu ina glukosi. Pakiti moja ya lita ina gramu 13.5 za glukosi, yaani glasi moja haifiki kijiko cha chai. Chupa ya soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30. Sukari ikiwa chini ya 10 na huli, kunywa kitu chenye utamu kidogo, uji mwepesi au madafu. Ikiwa juu ya 15, maji na ORS.

Metformin isimamishwe wakati unatapika au unaharisha sana, na vidonge vya kisukari vya kundi la dapagliflozin na empagliflozin pia. Hizi za pili zinaweza kuleta ketoni hata sukari ikionekana ya kawaida. Za presha uliza. Utazirudia ukishakula vizuri siku moja au mbili. Na kama una homa, hii ni Dar, pima malaria, usimalizie tu kwamba ni chakula cha jana.

Nenda hospitali, iwe Amana, Mwananyamala, Temeke au yoyote iliyo karibu, bila kusubiri kukuche, kama hakuna kinywaji kinachokaa kwa saa nne, sukari imebaki juu ya 15 kwa vipimo viwili, kipimo cha mkojo kinaonyesha ketoni za kutosha, pumzi ni nzito na za haraka, au mgonjwa anasinzia anapoongeleshwa. Mlangoni semeni neno la kwanza "ana kisukari, anachoma insulini", ndipo mseme tumbo.

Hatua ya saba: sukari ikishuka ndani ya tumbo zito

Chini ya 4 ni kushuka. Kanuni ni gramu 15 za sukari, subiri dakika 15, pima tena. Kwetu kuna nyongeza mbili. Iwe ya maji: nusu chupa ya soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari), au vijiko vinne vya chai vya sukari visivyo na kilele kwenye glasi ya maji. Chokoleti, maziwa na biskuti vina mafuta, vitakawia. Ya pili, pima tena baada ya saa moja, kwa sababu kile chakula kilichokwama bado kinakuja.

Uharibifu ulioligusa tumbo mara nyingi umezigusa na dalili za tahadhari. Huenda usitetemeke wala usitoke jasho. Unanyamaza tu au unakuwa mkali bila sababu. Waambie wa nyumbani: "Nikianza ugomvi usio na maana, nipimeni kwanza." Aliyezimia hapewi kitu mdomoni. Alazwe ubavu, itafutwe bajaji au gari la jirani.

Joto, umeme na ngozi

Ambayo haijafunguliwa ikae friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Ikiganda tupa, hata ikiyeyuka. Glargine iliyofunguliwa hukaa siku 28 kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, na Dar kuanzia Desemba hadi Machi chumba cha bati kinazidi hapo mchana. Umeme ukikatika usifungue friji kila mara. Mtungi wa udongo unasaidia, lakini hewa yetu ina unyevunyevu, haupoozi kama Dodoma. Uweke penye upepo, insulini ndani ya kopo lililofungwa. Kwenye foleni ibebe kwenye pochi, usiiache kwenye dashibodi.

Hesabu: kalamu moja ya insulini ina yuniti 300. Ukichoma 20 na kumwaga 2 za kujaribu sindano, unatumia 22 kwa siku, kalamu inakwenda siku 13. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1000, na kwa dozi hiyo siku 28 zitaisha ukiwa umepita nusu kidogo tu. Kwa dozi kama hii kalamu haikuachii ya kutupa.

Badilisha mahali pa kuchoma kila siku na papase tumbo lako. Penye kivimbe insulini hufyonzwa kwa kubahatisha, na utailaumu pilau bure. Ukishabonyeza kalamu hesabu hadi kumi kabla ya kutoa sindano.

Siku ya kliniki

Foleni ya kliniki ni ndefu na dakika zako kwa daktari ni chache, kwa hiyo usianze na "tumbo linanisumbua". Fungua daftari kwenye ule usiku wa vipimo vitatu, uliweke mezani, useme: "Sukari inashuka nikishakula, inapanda usiku, na nacheua chakula cha jana." Kisha toa mfuko wa dawa zote, na za mitishamba, na zile za kuazima kwa shemeji.